Picha moja kila wiki: namna ya kuufuatilia msimu wa vuli kwa simu yako

Mvua za vuli zinapoanza, wengi wetu hutoa simu mfukoni. Tunapiga picha ya wingu la kwanza, ya mtaro uliojaa maji, ya mahindi yaliyochomoza juzi. Wiki ya pili tunapiga tena. Kufikia wiki ya nne tumeshaacha. Januari ikifika, mtu akiuliza mvua ilikatika lini, au mahindi yalianza lini kugeuka njano, jibu letu ni la kukisia: "Ilikuwa kama katikati ya Novemba hivi."

Makala haya yanaeleza kazi ndogo inayoweza kukupa jibu la uhakika zaidi: kupiga picha ya kitu kilekile, kutoka mahali palepale, mara moja kila wiki, tangu mwanzo wa vuli hadi mwisho wake. Haihitaji kamera ya gharama, na kupiga picha hakuli bando. Unachohitaji ni simu yenye kamera, daftari la shule na kalamu. Ugumu wake ni mmoja tu, nao ni kutoacha njiani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo yetu itahusu hilo.

Kwa nini vuli

Katika maeneo yenye misimu miwili ya mvua, vuli ni miezi ya Oktoba, Novemba na Desemba. Kwa Tanzania ni pwani ya kaskazini, Unguja na Pemba, nyanda za juu kaskazini mashariki kama Kilimanjaro na Arusha, na mikoa inayozunguka Ziwa Victoria. Sehemu kubwa ya Kenya nayo hupata mvua zake fupi miezi hiyohiyo. Kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 31 Desemba kuna siku 92, yaani wiki 13 na siku moja. Kazi yote basi ni picha 13.

Kama uko Dodoma, Singida, Iringa, Ruvuma, Lindi au Mtwara, ambako msimu ni mmoja, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili, utaratibu ni uleule. Wiki zako zitakuwa nyingi zaidi, basi.

Neno vuli hutumika pia kutafsiri msimu wa Ulaya na Marekani ambapo majani ya miti hugeuka rangi na kupukutika, kuanzia Septemba hadi Novemba. Huko wapo watu wanaojiwekea ahadi ya picha moja kila wiki, picha 52 kwa mwaka, na hiyo ndiyo miezi inayowashinda wengi. Mchana unafupika, baridi inaingia, na mtu hutoka nyumbani gizani na kurudi gizani. Kwetu mchana haufupiki kiasi hicho, lakini tuna vizuizi vyetu: matope, mto uliojaa, mawingu mazito, palizi isiyosubiri, na simu isiyo na chaji kwa sababu paneli ya sola haikuona jua siku mbili. Anayetaka kumaliza wiki 13 ni lazima avipangie vizuizi hivyo mapema.

Jicho lililozoea halioni

Chukua mfano wa familia yenye korongo kando ya shamba. Mara nyingi korongo halili shamba lote usiku mmoja. Mvua kubwa ya leo inamega kipande cha mkono mmoja, ya wiki ijayo inamega kingine. Mwenye shamba anapita pale kila siku, na kwa kuwa anapita kila siku, haoni tofauti kati ya jana na leo. Siku anayoshtuka, mgomba wa mwisho umeshaning'inia ukingoni.

Picha za kila wiki zinaziba pengo hilo. Ukiiweka picha ya wiki ya kwanza kando ya picha ya wiki ya tano, zote zimepigwa kutoka sehemu moja, hutahitaji mtaalamu kukuambia kwamba korongo limesogea. Na wiki ya tano bado unao muda wa kugeuza njia ya maji, kupanda matete ukingoni au kupanga mawe, kabla mvua za Desemba hazijafika.

Njia hii ni ya zamani, na imewahi kutoa majibu makubwa. Machakos, nchini Kenya, zilipigwa picha mwaka 1937 zikionyesha vilima vilivyokuwa vitupu, vimejaa makorongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walirudi kwenye maeneo yaleyale na kupiga tena. Katika miaka hiyo idadi ya watu wilayani ilikuwa imepanda kutoka takriban 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi takriban milioni 1.4 mwaka 1989. Wengi wangetarajia kuona ardhi iliyochakaa zaidi. Picha zilionyesha kinyume chake: matuta ya fanya juu yamepangwa vilimani, na miti imeongezeka. Matokeo hayo yalichapishwa katika kitabu mwaka 1994, na mpaka leo hutajwa pale watu wanapobishana kama wingi wa watu lazima uharibu ardhi. Bila picha za 1937, ubishi ungebaki kuwa wa maneno.

Wewe huna haja ya kusubiri miaka 50. Kwa shamba moja, wiki 13 zinatosha kukuonyesha mengi.

Chagua kitu kimoja

Kosa la kwanza ni kuahidi makubwa. Mtu anaamua kupiga shamba lote, ng'ombe wote, mto, barabara na watoto. Wiki ya tatu kazi imekuwa mzigo. Chagua kitu kimoja, na ukipime kwa maswali matatu.

La kwanza: kinabadilika? Mwamba hautakupa cha kusimulia Desemba. Shamba, lambo, kisima, korongo, ndama, kitalu cha miche, mwembe unaotoa maua au nyumba inayojengwa, hivyo vinabadilika.

La pili: unakipita hata bila picha? Kama ni lazima utembee saa nzima kukifuata, siku ya mvua hutaenda. Chagua kilicho kwenye njia yako ya kwenda shambani, kisimani, sokoni au kwenye ibada.

La tatu: kina maana kwako? Usichague kitu kwa sababu tu picha yake itawapendeza watu. Chagua kile ambacho ungesikitika kama kingebadilika bila wewe kujua.

Jibu la swali hili la tatu si lazima liwe shamba. Fungua albamu au simu za nyumbani uangalie. Familia nyingi zina picha za harusi, mahafali na misiba. Picha ya bibi akipepeta mchele siku ya kawaida, amevaa khanga yake ya kila siku, mara nyingi haipo, na huanza kutafutwa siku bibi ameshaondoka. Picha 13 za bibi kwenye mlango wa jiko, moja kila Jumapili, ni kazi yenye uzito sawa na picha 13 za mahindi. Mwombe ruhusa kwanza, kisha mwache aendelee na shughuli zake.

Weka alama ya kusimama

Picha zinaweza kulinganishwa pale tu zinapopigwa kutoka sehemu moja, kuelekea upande mmoja. Ukisimama hatua tano mbele wiki hii, korongo litaonekana limekua hata kama halijasogea.

Chimbia kigingi mahali utakapokuwa ukisimama. Kifike kifuani na kiwe imara kiasi cha kuiegemeza simu juu yake, ili urefu wa kamera uwe uleule kila wiki. Huko Sydney, Australia, mwaka 2017 ulianza mradi unaotumia wazo hilohilo ufukweni: kishikio cha chuma kimefungwa juu ya nguzo, na kila mpita njia anaweka simu yake pale na kupiga picha ya fukwe. Picha za watu mbalimbali zinalingana kwa sababu nguzo ni moja. Kigingi chako cha mti kitafanya kazi hiyohiyo. Kiweke nje ya njia ya ng'ombe na mbali na ukingo unaobomoka.

Kisha chagua alama mbili za kulenga, moja ya karibu na nyingine ya mbali. Wavuvi wa pwani wanaijua mbinu hii. Ili kurudi kwenye mwamba wenye samaki, mvuvi hulinganisha mnazi fulani na kilima kilicho nyuma yake, na vikikaa mstari mmoja anajua amefika. Fanya vivyo hivyo: hakikisha kila wiki shina la mti wa karibu linakaa chini ya kilele kilekile cha mbali. Kabla ya kupiga, fungua picha ya wiki ya kwanza uitazame, halafu uipange ya leo ifanane nayo.

Ilaze simu ili picha iwe pana, na fanya hivyo wiki zote. Usivute picha kwa vidole. Ukivuta, simu nyingi hukuza tu kile zilichokwisha kukiona, na picha hupoteza ubora. Kama unataka kuona kwa karibu, sogea karibu na upige picha ya ziada. Ile ya kwenye kigingi ndiyo ya lazima, nyingine ni nyongeza.

Weka pia kitu cha kupimia ndani ya picha: jembe, ndoo, au fito uliyoichora mistari kila sentimita 20. Mtu asiyelijua shamba lako hawezi kujua kama mahindi yamefika magotini au kifuani mpaka aone kitu anachokijua ukubwa wake.

Mwanga, mvua na simu

Saa nzuri ni kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Saa sita mchana jua liko juu, vivuli ni vikali na majani yanang'aa mpaka rangi yake halisi haionekani. Jua liwe mgongoni mwako. Kama kigingi chako kinatazama magharibi, piga asubuhi. Kama kinatazama mashariki, piga jioni. Ukishachagua saa, usiibadilishe, maana rangi ya jani hutegemea sana mwanga. Jani la asubuhi na jani la jioni linaweza kukudanganya kwamba mahindi yamebadilika rangi.

Siku ya mawingu isikutishe. Wingu jepesi husambaza mwanga vizuri, na rangi za majani huonekana bila kung'aa kupita kiasi. Mvua ikinyesha, subiri ipungue. Mfuko wa plastiki unaokinga simu njiani utoe wakati wa kupiga.

Kabla ya kila picha, futa lenzi kwa kitambaa safi cha pamba. Picha nyingi zenye ukungu hazitokani na ubaya wa simu. Zinatokana na jasho, mafuta ya mkono au vumbi la mfukoni.

Kuhusu chaji, ichaji simu jioni ya siku moja kabla. Kama unategemea duka la kuchajia sokoni, siku ya gulio iwe ndiyo siku ya chaji, na kesho yake iwe siku ya picha. Kama simu janja nyumbani ni moja, kubalianeni nani anaitumia na saa ngapi. Simu ndogo yenye kamera nayo inafaa, mradi uitumie hiyohiyo hadi mwisho, kwa sababu kamera mbili haziioni rangi moja kwa namna moja.

Daftari ni nusu ya kazi

Picha haisemi kila kitu. Haisemi kwamba juzi usiku mvua ilinyesha saa tatu mfululizo, wala kwamba ulitia mbolea Jumanne. Kwa hiyo kila picha iwe na mstari wake kwenye daftari, wenye mambo manne: namba ya wiki, tarehe na saa, hali ya mvua tangu picha iliyopita, na jambo moja uliloliona au kulifanya.

Kwa mfano: "Wiki ya 4. Jumapili, saa moja na nusu asubuhi. Mvua siku mbili, kubwa Alhamisi usiku. Palizi ya kwanza imekamilika, majani ya chini upande wa mtaro yana njano." Mstari huo huchukua dakika mbili. Wiki ya tisa utakapotaka kujua njano ilianzia wapi, utaushukuru.

Hakikisha pia tarehe na saa ya simu ni sahihi. Simu huandika tarehe ndani ya faili la picha. Simu iliyozimika betri na kurudi na tarehe ya miaka ya nyuma itakuachia picha zenye tarehe za uongo.

Mahindi, wiki kwa wiki

Kwa anayefuatilia mahindi ya muda mfupi, wiki 13 zinakaribia sana umri wa zao lenyewe, kwa kuwa zipo mbegu zinazokomaa kwa takriban siku 90 hadi 100. Wiki ya kwanza na ya pili picha itakuonyesha kama yameota kwa usawa au kuna mapengo ya kupandia tena. Wiki ya tatu na ya nne ni za magugu. Mahindi yanapofika magotini, angalia rangi. Jani la chini linaloanza njano nchani na kufuata uti wake kuelekea shina mara nyingi linaomba naitrojeni. Jani lenye zambarau kwenye mmea mchanga linaweza kuashiria upungufu wa fosforasi. Wiki mahindi yanapotoa mbelewele na ndevu ndizo za hatari zaidi kwa ukame. Mvua ikikatika hapo, gunzi litakuwa na mapengo, hata kama shamba linaonekana la kijani kwa mbali.

Kipindi cha wiki moja kinafaa pia kwa sababu ya viwavijeshi vamizi. Mdudu huyu aligunduliwa barani Afrika mwaka 2016, na mwaka uliofuata alikuwa ameshafika Tanzania na Kenya. Mayai yake huanguliwa ndani ya siku chache, na kiwavi hula kwa takriban wiki mbili hadi tatu kabla ya kushuka ardhini na kujigeuza. Ukikagua mara moja kwa mwezi, kizazi kizima kinaweza kula na kuondoka bila wewe kukiona. Ukikagua kila wiki, unaweza kukikuta kikiwa bado kichanga, na kiwavi kichanga ni rahisi kukidhibiti kuliko kikubwa kilichojificha ndani ya kikonyo.

Kwa hiyo baada ya kupiga picha ya kigingi, ingia shambani. Tembea kwa kufuata umbo la herufi W, simama sehemu tano, na kila sehemu angalia mimea 10. Tafuta madoa yanayopitisha mwanga kwenye majani, matundu, na kinyesi kinachofanana na unga wa mbao kwenye moyo wa mmea. Ukikiona, piga picha ya karibu. Picha hiyo itamsaidia afisa ugani kukushauri hata akiwa kijiji kingine. Ipo pia programu ya simu iitwayo PlantVillage Nuru, iliyotengenezwa na chuo kikuu cha Penn State cha Marekani kwa kushirikiana na FAO na taasisi za utafiti wa kilimo. Inazungumza Kiswahili, na ikishapakuliwa inaweza kukagua majani ya mihogo na mahindi bila intaneti. Jibu lake lichukulie kama dokezo, na uamuzi wa dawa uufanye pamoja na mtaalamu.

Wiki utakayotaka kuacha

Wiki ya kwanza una hamu. Wiki ya 13 unauona mwisho. Tatizo liko katikati, kwenye wiki ya tano, ya sita na ya saba. Hapo picha zinafanana, matope yamejaa, palizi imekushika, na unajiuliza unapiga za nini.

Jambo la kwanza la kukusaidia ni kuifunga picha na jambo ambalo tayari hulikosi. Ahadi ya "nitapiga wikendi" ni dhaifu. "Nitapiga Jumapili nikirudi kanisani", "Ijumaa kabla ya kwenda msikitini" au "asubuhi baada ya gulio" ina mahali pa kushika, kwa sababu jambo lile la kwanza ndilo linalokukumbusha la pili.

La pili ni kumpa mtu mwingine sehemu ya kazi. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuandika daftari na kushika fito ya kupimia. Siku utakayosahau, yeye atauliza. Majirani watatu wanaofuatilia mashamba matatu wanaweza kutumiana picha zao kila Jumapili jioni, na nani atataka kuwa wa kwanza kunyamaza?

La tatu ni kukubali kwamba picha ya kuchosha ndiyo picha yenyewe. Hupigi ili kila moja ipendeze. Picha ya wiki ya sita inayofanana na ya wiki ya tano imekupa habari: wiki hiyo korongo halikusogea, au mahindi yalisimama kukua wakati yalipaswa kukua. Habari ya pili ni kengele.

La nne linahusu wiki utakayoikosa, na huenda ikawepo. Mtoto ataugua, mto utajaa, simu itaanguka majini. Usipige picha mbili wiki inayofuata ukajifanya moja ni ya wiki iliyopita. Acha nafasi wazi na uandike sababu: "Wiki ya 7. Hakuna picha. Mto ulijaa siku tatu, sikuvuka." Mstari huo nao ni kumbukumbu ya msimu. Kinachoua kazi hii kwa kawaida ni wazo kwamba ukishakosa moja umeharibu zote. Picha 11 kati ya 13 zinasimulia msimu vizuri kabisa.

Zitunze zisipotee

Picha moja ya simu kwa kawaida huwa na ukubwa wa megabaiti chache. Tukichukua nne, picha 13 ni megabaiti 52, kiasi kidogo hata kwa simu ya kawaida. Kwa hiyo kinachojaza simu ni video za makundi. Futa hizo kwanza.

Tengeneza folda ya peke yake na uipe jina, mfano "Vuli shamba la bondeni". Mara moja kwa mwezi nakili picha kwenye memori kadi au kwenye simu ya ndugu. Ukimtumia mtu kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, picha hupunguzwa ubora na taarifa ya tarehe iliyo ndani ya faili huondolewa. Ukitaka ifike ilivyo, itume kama dokumenti. Mwisho wa msimu, zisafishe studio angalau picha mbili, ya kwanza na ya mwisho, uzibandike kwenye daftari. Simu huibwa na huharibika. Karatasi iliyokaa pakavu hudumu.

Picha kama ushahidi

Wapo wanaouliza: ng'ombe wakiingia shambani, picha hizi zitanisaidia? Zinaweza kusaidia. Mfululizo wa picha za mahali pamoja, zenye tarehe, unaonyesha shamba lilikuwaje wiki moja kabla na likoje baada. Picha moja ya siku ya tukio haionyeshi hilo. Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 hairuhusu ushahidi kukataliwa kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Lakini uzito wake hutegemea namna ulivyotengenezwa na kutunzwa. Ndiyo maana usiifute picha halisi, usiihariri, na usiitegemee peke yake. Toa taarifa mapema kwa uongozi wa kijiji, na omba uharibifu ukaguliwe na kuandikwa.

Watafiti wa bima ya mazao nao wameiona faida ya mfululizo huu. Nchini India, na baadaye Kenya, imejaribiwa bima ambayo mkulima hupiga picha za shamba lake kwa simu mara kwa mara tangu kuota hadi kuvuna, na picha hizo hutumika kukadiria hasara. Wazo ni lilelile la kigingi: mahali pamoja, msimu mzima.

Upande wa pili wa ushahidi ni haki ya wengine. Kamera yako isiingie uani kwa jirani. Usisambaze picha ya mtu, hasa mtoto au mgonjwa, bila ridhaa yake au ya mzazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Lakini hata kabla ya sheria, kuomba ruhusa ni adabu.

Wiki ya 13

Siku ya picha ya mwisho, kaa na watu wa nyumbani. Wape simu, waanze na picha ya kwanza, wapitishe moja baada ya nyingine, huku mmoja akisoma daftari kwa sauti. Kisha jiulizeni maswali matatu. Ni wiki gani mambo yaligeuka? Tulifanya nini wiki hiyo, au hatukufanya nini? Vuli ijayo tutaanza nini mapema zaidi?

Pengine mtagundua kwamba palizi ilichelewa wiki mbili, na njano ilianza hapohapo. Pengine mtaona maji yote yaliyobomoa ukingo yalitoka kwenye kijia kimoja ambacho kingezibwa kwa asubuhi moja ya kazi. Pengine, kama mlichagua bibi kwenye mlango wa jiko, mtaona wiki ambayo alianza kukaa badala ya kusimama, na mtamuuliza goti linamsumbua tangu lini.

Kigingi usiking'oe. Masika yakianza Machi, kitakuwa bado kimesimama palepale, na picha ya wiki ya kwanza itakuwa imeshapata mwenzake wa kulinganishwa naye.